Macho Hayafukuzi Ndege

“Macho hayafukuzi ndege.” Mmemsikia bibi yenu akimwambia hivyo mjomba, aliyekuwa ameketi akitazama mbuzi wanavyokula mihogo. Mmecheka, kisha mmeuliza maneno hayo yametoka wapi. Yalianzia kwenye mpunga wa Semeni, basi tulieni.

Semeni alikuwa mjane wa bondeni. Mwaka huo mpunga wake ulikubali, lakini masuke yalipoanza kuinama akashikwa na homa. Mpunga ule ndio uliokuwa chakula cha wanawe na mbegu ya mwaka wa pili. Hakuwa na akiba nyingine. Kule, mpunga ukikaribia kuiva, mtu hupanda dunguni, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, akaamia ndege kutwa kwa kelele na kwa mawe ya teo, ile kamba ya kurushia mawe. Semeni akamwomba shemeji yake, Kibwana, amshikie kazi hiyo.

Kibwana hakuwa mvivu, msimsingizie. Alipanda alfajiri, akarundika mawe yake, akakaza macho juu. Alikuwa akilingoja kundi kubwa, lile linalotia giza. Ndege wawili watatu waliotua pembeni aliwaona, akawaacha. Aliona haya kumaliza mawe na sauti kwa vitu vidogo vile.

Homa ilipolegea, Semeni akajikokota hadi shambani. Upande mmoja wote masuke yalisimama wima, matupu.

“Shemeji, hukuwaona?”

“Niliwaona. Sikupepesa jicho. Walikuja wachache wachache tu, nami nangoja kundi.”

“Hao wachache ndio kundi, shemeji. Nilikuomba uamie, hukuamia, ulitazama. Macho hayafukuzi ndege. Shuka.”

“Na homa hiyo?”

“Homa nitaibeba huko huko juu. Wanangu hawatalala njaa nami nimejifunika shuka. Shuka, nakuomba.”

Kibwana akashuka, Semeni akapanda. Akatua ndege mmoja, akamtupia jiwe. Akatua mwingine, akampigia kelele. Hakuchagua mdogo wala mkubwa, na sauti ilipomkauka akagonga debe. Kibwana alisimama chini kwa aibu, kisha akaanza kumwokotea mawe. Wakaendelea hivyo mpaka mavuno.

Mpunga uliobaki haukujaza ghala. Lakini watoto walikula kwa kujibana, na mbegu ikapatikana. Tangu hapo, bondeni, mtu akijitetea kwamba alikuwapo na kila kitu alikiona, huulizwa alifanya nini. Akikosa jibu, huambiwa: macho hayafukuzi ndege.