Firigisi Moja, Sahani Tatu

Sogeeni karibu, na anayetafuna atafune polepole, maana hadithi hii ni ya kuamua, si ya kusikiliza tu. Mimi nasimulia. Hukumu ni yenu, na mkigombana msinitaje.

Huko Maragoli palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Shangazi Kavugwi, fundi cherehani, alikuwa na jicho: kitu ambacho wenzake wamekizoea hata hawakioni tena, yeye hukiona akiwa bado mlangoni. Mwalimu Imbuga, aliyefundisha kompyuta shule ya ng'ambo ya mto, alikuwa na subira ya kufukua jambo mpaka aufikie mzizi wake. Naye Lugalia, jirani mpiga muziki wa sherehe, hakuwa na jicho hilo wala subira hiyo, ila mkono wake haukujua kufumba. Kitu chake ni chako ukikihitaji.

Aliyehitaji msaada alikuwa Kageha, bintiye mzee Aluda. Alisomea kuchora ramani za majengo kwa kompyuta, akahitimu, akakaa nyumbani akituma maombi ya kazi hadi majirani wakaona haya kumuuliza. Hatimaye kampuni moja ya Nairobi ikamwita kwenye mtandao: Alhamisi alasiri achore wao wakitazama. Akifaulu, kazi ni yake. Akishindwa, yuko mwingine anayengoja zamu.

Basi Jumatano radi ikapiga transfoma, kijiji kizima kikakosa stima. Mvua nayo ikabeba daraja la kwenda Mbale, gari likawa halipiti. Kageha hakutishika, kwa kuwa laptopu yake ilikuwa imejaa chaji. Lakini ajabu ni hii: laptopu iliyokuwa ikikimbia vizuri kwenye waya, sasa kwenye betri ilijikokota. Anavuta mstari, mstari unatokea yeye ameshakata tamaa. Alihangaika nayo asubuhi nzima ya Alhamisi, mwisho akaketi jikoni akalia, naye si mtu wa kulia ovyo.

Babake akamsikia. Mzee Aluda hakuwa na kikubwa cha kutoa, ila alikuwa na heshima moja aliyoishikilia tangu aoe: jogoo akichinjwa kwake, firigisi ni yake. Haikatwi wala haigawanywi, maana ikishakatwa ni nyama tu. Akasimama uani, akasema majirani wakisikia, "Atakayeifanya mashine ya mwanangu ikimbie, leo nachinja jogoo, na firigisi ataila yeye." Mkewe alidhani masikio yamemdanganya.

Shangazi Kavugwi alikuwa wa kwanza kufika. Sasa lazima niwaambie kwamba ile laptopu ilikuwa imevaa. Si mnajijua? Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata kiti cha mgeni kina kitambaa. Basi mamake Kageha alikuwa ameifumia laptopu sketi ya uzi mweupe, akaishona ikaikumbatia chini na ubavuni, na kila aliyeiona aliisifu. Shangazi akapeleka kiganja chini yake, akakitoa upesi. Akauliza, "Hii inapumulia wapi?" Hakungoja jibu. Alitoa mkasi akaichana sketi mbele ya wifi yake aliyeifuma, ujasiri ambao mimi sina. Kwenye waya mashine ilikuwa imevumilia, lakini betri ikifanya kazi huongeza joto lake, na matundu yote yalikuwa yamezibwa na nyuzi. Akayazibua kwa sindano. Feni ikavuma, joto likashuka, ila mistari bado ikaja kwa kusuasua.

Ndipo akaingia Mwalimu Imbuga, suruali imekunjwa, matope hadi magotini, maana alikuwa amevuka mto kwa miguu baada ya kupigiwa simu. Akaomba ukimya, akaingia kwenye mipangilio. Kageha amelelewa katika nyumba ambayo "zima taa" husemwa mara nyingi kuliko "habari za asubuhi", na zamani, wakati stima ilipokuwa ikikatika kila mara, aliiamuru mashine ibane chaji waya unapochomolewa. Akasahau. Mashine haikusahau, ikawa inatoa nusu ya nguvu zake kwa utiifu mkubwa. Imbuga akaipandisha, ikajishusha tena. Akatafuta programu iliyokuwa ikiishusha, akaizima pia. Mistari ikaanza kukimbia. Kageha akacheka, akafungua ramani kubwa, na kioo kikawa cheusi. Betri ilikuwa imezeeka: iliweza kumbeba anayetembea, si anayekimbia.

Lugalia alikuwa amesimama dirishani na begi lake mgongoni. Laptopu yake ilikuwa ya aina ile ile, betri mpya. Alikuwa njiani kwenda kupiga muziki kwenye harusi, na huko nako stima hakuna, betri ndiyo aliyoitegemea. Aligeuza laptopu yake juu ya meza, akafungua skrubu, akatoa betri akampa Imbuga. Mtaniuliza, mbona hakumpa mashine nzima? Programu ya kuchorea ilikuwa kwa Kageha, na kuiweka upya kungemaliza alasiri yote.

Kageha akaunganisha intaneti ya simu, akachora. Mistari ilifuata mkono wake bila kusita, na wale wa Nairobi, waliokuwa wakiuliza maswali kwa ukali, wakaanza kuuliza kwa heshima. Walipomaliza walimwambia aanze kazi mwezi ujao. Mamake alipiga vigelegele, sketi ya uzi akaisamehe.

Jogoo akaiva. Watatu wakaketi, na hapo ndipo shida ilipoingia. Mama akanong'ona kwamba mgeni aliyevuka mto ule akinyimwa firigisi, kwao watasema nini. Simu ya Lugalia ikaita, watu wa harusi wakamtukana na kumwambia wasimwone tena. Akaizima, akatabasamu, akasogeza sahani. Shangazi alikuwa ameinamisha macho. Akasema taratibu, "Mimi nimepika firigisi tangu nikiwa msichana, za baba, za mume, za wageni. Sijui ladha yake."

Kageha akamtazama babake. Mzee akatikisa kichwa, akasema aliyeokolewa ndiye atakayepakua.

Akawaza. Bila shangazi, mashine ingekabwa na joto. Bila Imbuga, betri mpya ingekuwa ya kutambaa nayo. Bila Lugalia, giza. Aliwapenda wote watatu kwa moyo mmoja, na hilo halikumsaidia hata kidogo. Upawa uko mkononi, firigisi imo ndani yake, mchuzi unadondoka, na watu watatu waliompa maisha mapya wanajifanya hawatazami.

Asiniambie mtu aikate. Haya, wewe uliyekaa hapo, ungekuwa Kageha, ungeiweka kwenye sahani ya nani, na wale wawili ungewaangaliaje usoni?