Ukungu na Maua ya Nakijwa

Paukwa!

"Pakawa!"

Sauti gani hiyo? Mmekula au mmelamba sufuria tu? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya, hapo ndipo. Zamani, zamani zile mawingu yalipokuwa yakiongea na watu, huko juu mlimani kwenye baridi alikaa mama mmoja, Nakijwa, na bintiye Nambua. Uani walikuwa na kichaka cha haidranjia, maua yake makubwa, ya mviringo, ya buluu.

Asubuhi moja Ukungu akashuka. Maskini, wanawe wa buluu walikuwa wamekaushwa na jua. Kuona ile buluu, akapiga kelele: "Wanangu hawa!" Akayakumbatia maua, akaimba: "Lala, lala, lala." Weee, wimbo mtamu huo! Nambua alikuwa akifagia uani. Akalala hapo hapo hadi adhuhuri. Usinicheke wewe, hata wewe ungekoroma. Kesho yake wimbo tena, akalala hadi jioni. Siku ya tatu hakuamka kabisa.

Nakijwa akalia. "Ukungu, niachie mwanangu!"

"Wako nimemgusa? Mimi nabembeleza wangu."

Kinyonga, juu ya tawi la haidranjia, akafungua jicho moja. "Mama, mimi nisipotaka kujulikana nageuza rangi. Ua hili nalo hugeuka, ni ndugu yangu. Lipe majivu."

Majivu! Kule kwao, nyumba yenye mgonjwa haitoi majivu nje. Wanasema ni kutupa uhai wake. Nakijwa alikuwa ameyarundika jikoni. Akayachota, akayamwaga shinani, majirani wakipiga mayowe: "Unamuua mtoto!"

Mara maua yakageuka, yakawa rangi ya waridi. Ukungu akashuka, asiyatambue. "Wanangu wako wapi? Wako wapi? Wako wapi?" Akaizunguka nyumba akilia, wimbo ukamkauka kooni.

Ndani, Nambua akapiga miayo. "Mama, nina njaa."

Nakijwa akacheka, akalia, akamlisha. Lakini kile kilio cha nje kilimchoma moyo. Akakata tawi la kile kichaka, akapanda nalo hadi msituni, akalichomeka kwenye udongo mweusi ambao haujawahi kuona majivu. Likachanua buluu.

"Mwenzangu!" akaita. "Wanao hawa hapa."

Ukungu akaja mbio, akawafunika. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na wako, ameamka?"

"Ameamka."

"Basi nitaimba polepole."

Ngano yangu imelala hapo. Nanyi nendeni mkalale.