Ndama wa Aliyeliponya Gari

Hapo zamani, barabara ya Lusungo huko Rungwe ilipokuwa bado ya udongo, gari la kijijini lililoweza kuipanda wakati wa masika lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa la Bi Sekela. Lilivuta kwa magurudumu yote manne. Siku za soko lilibeba viazi, siku nyingine wagonjwa, na Jumamosi iliyokuwa ikija lilitakiwa kumbeba binti yake, Atupele, kwenda kuolewa ng'ambo ya mlima.

Wiki hiyohiyo gari likaanza vituko. Kwenye kona za ardhi ngumu lilijivuta na kurukaruka kana kwamba limeshikwa breki. Mlimani liligonga kwa chini, ko, ko, ko, halafu likasimama huku injini inanguruma. Wakwe wakapata habari, wakatuma salamu: kama gari limechoka, bibi harusi aje kwa miguu, maji ya moto ya kumkanda yapo. Bi Sekela alicheka na waliocheka, lakini chakula akakiacha sahanini. Akaenda sokoni akatangaza: "Atakayeliponya gari langu kabla ya harusi, ndama wa Sukari ni wake."

Soko zima lilimjua ng'ombe Sukari na maziwa yake. Na ndama alikuwa jike.

Akaja Ambindwile, shemeji yake, fundi wa siku nyingi. Alikuta watu wanajiandaa kushusha gia boksi, maana kila mmoja alisema ubovu uko huko. Akawazuia. Akamwomba Bi Sekela aendeshe polepole, naye akajilaza nyuma ya viti, ncha ya bisibisi sakafuni, mpini sikioni. Bi Sekela akamuuliza kama amesinzia.

"Shemeji, usingizi una mlio mzuri kuliko huu," akajibu.

Walipotelemka akasema gia boksi ni nzima. Kelele zilitoka kwenye transfa, lile sanduku dogo la nyuma yake linalogawa nguvu mbele na nyuma. Ila kulishusha hakuweza, kwa sababu ya mgongo.

Akaja Tumpe, mwenye gereji ya njia panda. Alimwaga oili ya transfa, ikatoka nyeusi, na ndani yake unga wa chuma unang'aa. Akaishusha, akaifungua, akakuta mnyororo wa ndani umelegea mpaka unaruka meno. Mnyororo mpya haukupatikana dukani popote. Basi Tumpe akafungua gari lake mwenyewe, la aina ileile, akatoa mnyororo wake akaufunga kwa Bi Sekela. Gari likapanda mlima bila kugonga. Bi Sekela alipiga kigelegele akiwa kwenye usukani.

Wakati wa kurudi, kwenye ardhi ngumu, gari likajivuta tena. Transfa ilikuwa ya moto, haigusiki.

Akaja Gwakisa, mziba pancha wa sokoni. Hakugusa boliti. Aliomba kipande cha kitenge, akakizungusha kwenye tairi la mbele, kisha la nyuma. Kitenge kilichotosha mbele hakikutosha nyuma. Akaeleza kwamba matairi ya nyuma ni mapya na makubwa, ya mbele yameisha, kwa hiyo ya mbele yanazunguka zaidi na transfa inavutwa huku na huku. Kwenye matope matairi yanateleza, gari linapumua. Kwenye ardhi ngumu linajinyonga. Mnyororo wa kwanza ulikufa hivyo, na wa Tumpe ungefuata. Akatafuta matairi manne yanayolingana, akayafunga, na gari likatulia.

"Aliyefunga haya makubwa ni nani?" Tumpe akauliza.

Gwakisa akajikuna kichwa. "Mimi."

Lakini aliyeamuru ni Bi Sekela. Mlimani kwao kila mtu hufanya hivyo: viazi vinakaa nyuma, basi viatu vipya viende nyuma. Bi Sekela akaanza kuwauliza kama wameshakunywa chai.

Jumamosi Atupele alifika kwa wakwe kwa honi na nyimbo. Baada ya kula, ndama aliyekuja nao garini akaletwa, na mafundi watatu wakasimama pamoja.

"Kuponya ni kujua ugonjwa uko wapi," akasema Ambindwile. "Bila mimi mngempasua mgonjwa tumbo, naye anaumwa jino."

"Mzee alisikia, akaenda kupumzika," akasema Tumpe. "Aliyelala kwenye matope ni mimi. Gari langu hadi leo liko juu ya mawe. Kuponya ni kutibu."

"Tiba ya dada Tumpe ilidumu safari moja," akasema Gwakisa. "Kuponya ni mgonjwa asirudi hospitali."

"Wewe ndiye uliyemwambukiza," Tumpe akamrudishia.

"Kwa amri ya mama mwenye gari."

Watu wakacheka mpaka bibi harusi akaharibu wanja. Baba mkwe akashauri ndama achinjwe, wagawane. Wote watatu wakakataa kwa sauti moja, kwa kuwa walichotaka ni maziwa ya miaka inayokuja.

Bi Sekela alibaki ameshika kamba mbele ya wakwe zake. Hakuwa amesema atakayelisikiliza, wala atakayelifungua, wala atakayelipima. Alisema atakayeliponya.

Je, wewe uliyewasikia wote watatu, nani kati yao aliliponya gari, na kamba ya ndama ungemkabidhi nani?