Kura ya Mjane wa Mfereji

Wapendwa, sikilizeni habari ya mjane mmoja wa mlimani, mahali ambapo maji ya migomba huja kwa mfereji uliochimbwa na mababu. Shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa, kule chini. Mzee wa mfereji, mgawaji wa maji, akiwa mtu mwema, maji yalimfikia. Akiwa mchoyo, migomba ilikauka.

Zamani mzee wa mfereji alichaguliwa kwa miguu. Wagombea walisimama kwenye nyasi, na kila mtu akasimama nyuma ya amtakaye. Mstari mfupi kuliko yote ulivunjwa, na watu wake wakahamia mingine. Mjane alizikumbuka sana siku hizo. Aliwakumbuka akina mama wakiita, "Njooni huku jamani, huko mtapigwa jua bure!" Aliikumbuka siku mstari wa mumewe mwenyewe ulipovunjwa, naye akacheka, akamshika mkewe mkono, wakavuka nyasi pamoja kwenda kusimama nyuma ya jirani. Sasa mume huyo alikuwa amelala kaburini, pale pale shambani.

Baadaye zikaja karatasi, alama moja kwa mtu mmoja. Watu wa chini wakawa wanagawanyika kwa wagombea wawili, na bwana mmoja wa juu, mwenye tabia ya kuyafunga maji, akapita kila mara. Ndipo kikaoni katibu wa mfereji akasema, tuwaandikie wagombea namba. Wa kwanza wako akishika mkia, kura yako ihamie kwa wa pili wako.

Kikao kikachemka.

"Huko ni kupiga kura mara mbili!"

"Si mara mbili, baba. Ni kama tulivyohama kwenye nyasi, ila sasa tumekaa."

Wakakubali kujaribu. Safari hiyo waligombea watatu: shemeji yake mjane, yaani mdogo wa marehemu, mama mmoja wa huko huko chini aliyekuwa mwalimu mstaafu, na yule bwana wa juu.

Kabla ya kupiga kura, mjane alimwambia katibu, "Mimi naandika mmoja tu, mwanangu. Nikiweka wa pili nitampunguzia shemeji nguvu."

"Humpunguzii, mama. Wa pili haguswi mpaka shemeji awe ametoka."

"Hata kama. Damu ya mume wangu siiwekei wa pili."

Kura zikahesabiwa. Shemeji akashika mkia, akatolewa. Karatasi zake zikagawanywa upya, nyingi zikaenda kwa mwalimu. Ya mjane haikuwa na pa kwenda, ikawekwa kando. Bwana wa juu akapita kwa kura moja.

Shemeji alipomjia, mjane alisema kwa fahari, "Shemeji, wote wamekuhama. Mimi sikukuacha."

Naye akamjibu, "Shemeji, mimi mwenyewe wa pili nilimwandika mwalimu. Shamba langu liko juu, maji sijawahi kuyakosa. Niligombea kwa ajili ya migomba yako."

Je, wapendwa, mjane alikuwa mwaminifu kwa nani?

Watu wataendelea kubishana juu ya alama na namba, na wabishane, ni haki yao. Lakini sisi tuliozika, tujiulize. Tulimwomba Mungu jambo moja: huyu apone. Tuliomba tukiwa tumepiga magoti kando ya kitanda. Hakupona. Na tangu siku ile wangapi kati yetu hatujaomba tena kitu chochote? Watoto wanatuita, hatuitiki. Jirani anabisha hodi, tunanyamaza. Tunasema ni upendo. Kweli ni upendo? Aliyetangulia alitaka tukauke?

Mungu hakukasirika kwa lile ombi la kwanza, wala hatulazimishi kulisahau. Anangoja la pili. Tumwombe leo, kabla hatujainuka kwenye viti hivi.