Fisi Aliyekwenda Kutembea Kisiwani

Kaeni, niwaambie.
— Tumekaa, tuambie.
Ya kweli au ya uongo?
— Wewe lete tu.

Palikuwa na kisiwa cha mchanga, na katika mchanga huo waliishi kaa wawili wadogo, Bi Mize na mumewe Faki. Siku moja maji yalikupwa sana, Fisi akavuka kwa miguu kutoka bara.

"Nimekuja kupumzika," akasema. "Nitembezeni."

Mize akaona haya kumkatalia mgeni. Akatangulia, tapu tapu tapu, Fisi nyuma. Wakapita njia ya vichakani, wanakotaga ndege waitwao membe.

"Pazuri hapa," akasema Fisi. Nyam, nyam, mayai yakaisha.

Wakapita ufuko wa kaskazini, wanakocheza makinda.

"Na hapa pazuri." Nyam, nyam, makinda yakaisha.

Kila alikopita Fisi, nyuma yake kulibaki kimya.

"Kesho ufuko wa magharibi," akasema. "Nasikia harufu ya mayai huko."

Huko ndiko Bi Kasa alikofukia mayai yake, akamwambia Mize, "Shoga, niangalizie wanangu."

Mize akarudi kwa mumewe analia. "Ni mimi niliyemtembeza, Faki."

"Basi mtembeze mara moja tena. Mpeleke kwenye fungu la mchanga, kule mbali baharini. Mimi nitakuwa chini, nakwaruza. Atadhani ni vitoto vya kasa."

"Na maji yakijaa?"

"Mimi nayajua maji. Yeye hayajui."

Kesho yake wakafika funguni. Chini ya mchanga: kwaru, kwaru.

"Unawasikia, bwana? Wako tele."

Fisi akachimba. Faki akashuka. Kwaru, kwaru. Fisi akachimba tena, Faki akashuka tena. Maji yakaanza kuja, shwaa.

"Bwana Fisi, turudi, maji yanajaa."

"Rudi wewe. Unataka niondoke uje ule peke yako?"

Mize akarudi. Kutoka ufukoni akamwona Fisi, maji kifuani, anazamisha kichwa shimoni mara ya mwisho. Akasikia, kwacha, kama gamba linavunjika. Kisha wimbi likaja, shwaa, likamchukua Fisi.

Maji yalipokupwa, Mize akaenda mbio funguni. Shimo limefukika, mchanga uko sawasawa kama mkeka. "Faki," akaita. "Faki wee." Akalala kifudifudi, akasikiliza. Hapakuwa na kitu.

Siku chache baadaye mayai ya Bi Kasa yakaanguliwa, vitoto vikakimbilia baharini. Kimoja kikasimama mbele ya Mize.

"Mama, wewe huji?"

"Namngoja mtu."

"Nani?"

"Nenda, mwanangu. Wenzako wanakuacha."

Basi, wenzangu, funzo ndilo hili: mgeni akija kutembea kwenu, msimfiche kitu. Mtembezeni kila mahali, ale ashibe, mtaishi kwa raha kama Mize.

Hadithi yangu imefika maji ya magoti. Anayetaka kwenda mbele, aende mwenyewe.
— Tumekusikia. Pole, Bi Mize.