Umepita Darajani

Palikuwa na vituo viwili vya kutahini madereva wilayani Kilangwe. Mtoni, watu tisa kati ya kumi walipita. Darajani hakupita hata mmoja. Bi Somoe, aliyeahidiwa kazi ya kuendesha gari la wagonjwa akipata leseni, akajiandikisha Darajani.

"Una wazimu?" shoga yake alimuuliza.

"Namfahamu mtahini wa pale."

Siku ya mtihani aliendesha vizuri mpaka katikati ya daraja jembamba. Hapo Afande Lyatuu, mtahini, akafunga faili.

"Umefeli. Hukutazama kioo. Turudi."

Bi Somoe akazima gari, akamkabidhi ufunguo.

"Nini tena, mama?"

"Aliyefeli haruhusiwi kuendesha, afande. Endesha wewe."

Nyuma yao malori yalianza kupiga honi, na kati ya malori lilikuwamo gari la mkuu wake Lyatuu. Wakabadilishana viti. Afande akahangaika na ufunguo, akabonyeza hiki na kile, hatimaye akawasha waipa. Jua lilikuwa kali.

"Rudi hapa, mama, tupite!"

"Tupite tu, au nimepita?"

Honi zikazidi.

"Umepita!"

"Iandike, afande."

Akaiandika.

Bi Somoe alikuwa ameuza maji mbele ya kituo kile miaka mitatu, na kila siku alimwona afande akiletwa kwa bodaboda.

Mwezi uliofuata, Darajani walipita wote. Kila mmoja wao alizima gari palepale.