Mizani ya Mama Karai

Mtu akiumwa na mdudu kitandani hukurupuka akakagua mlango, dirisha na dari, kumbe mdudu amejibanza katika mshono wa shuka aliyojifunika. Hiyo ndiyo maana ya methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako. Anayekudhuru si lazima awe mgeni wa mbali. Huenda ni yule uliyemzoea hata ukaacha kumtazama. Mama Karai aliijua methali hii tangu utotoni. Hakujua tu kwamba siku moja itamng'ata yeye.

Jina hilo alipewa na wenzake wa mtoni kwa sababu ya karai lake la kuoshea mchanga, ambalo halikumtoka mikononi. Kwa miaka mingi aliinama majini tangu alfajiri, akizungusha mchanga na kuumwaga, akiambulia punje za dhahabu ndogo kama mbegu za nyanya. Mumewe alikuwa fundi wa mapaa. Hawakuwa na mtoto, lakini walikuwa wamemlea mdogo wake Mama Karai wa kiume tangu wazazi wao walipofariki. Walimsomesha hadi akawa fundi wa kutengeneza mizani, mtu wa kuheshimika.

Kijana hakusahau fadhila. Miaka minne iliyopita alimletea dada yake zawadi: mizani ndogo ya betri, inayong'aa kama kioo.

"Dada, pima mwenyewe nyumbani," alimwambia, "kisha nipe mimi nikakuuzie mjini. Huko kuna papa. Watakumeza pamoja na viatu vyako."

Mama Karai alifurahi hadi akalia. Tangu siku hiyo alipima, mdogo wake akauza na kumletea fedha kwa uzito ule ule, bila kupungua hata chembe. Naye akawa anawasimulia wenzake, "Mwenye ndugu hafi maskini."

Jumatatu moja, karai lilimpa asichowahi kukiona. Lilikuwa donge zima la dhahabu, kubwa kama kichwa cha kidole gumba, lenye matuta na vishimo kama tangawizi. Alilitupia mdomoni upesi, akafunga midomo. Jirani alipomsalimu, alimjibu kwa kichwa. Alipoulizwa kama anaumwa jino, alitikisa kichwa tena, akashika njia ya nyumbani kimya kama maji mtungini.

Mizani yake ilionyesha gramu arobaini na nane.

Bahati hiyo ilikuja wakati wa dhiki. Wiki iliyotangulia mumewe alikuwa ameteleza kutoka juu ya paa na kuvunjika nyonga. Daktari alisema apasuliwe Ijumaa. Wakichelewa, hatatembea tena. Chuma cha kuunga mfupa kilipaswa kulipiwa kabla. Mdogo wake naye alikuwa safarini, akitengeneza mizani za kiwanda kimoja. Mama Karai alimpigia simu.

"Usithubutu kuliuza!" kijana alipaza sauti. "Nisubiri, narudi Jumapili."

"Jumapili shemeji yako atakuwa kiwete, baba."

"Dada, nisikilize mimi. Usiende."

Lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni. Jumatano asubuhi alilitia donge ndani ya soksi, soksi ndani ya kopo la poda, na kopo chini kabisa ya mkoba. Mizani yake aliifunga kwa taulo akaibeba kama mtoto mchanga. Hakumwambia mtu.

Mjini, katika duka la kwanza la dhahabu, mnunuzi alifunga mlango kwa ufunguo kabla hata ya salamu. "Tuliyeyushe kwanza tujue usafi wake," alisema, tayari anawasha moto wa gesi. Mama Karai alilinyakua donge lake.

"Likiyeyuka, na ushahidi wangu umeyeyuka. Nifungulie mlango!"

Alitoka akiukumbatia mkoba. Papa wa kwanza huyo, alijisemea.

Duka la pili lilikuwa wazi kwa wapita njia, leseni imetundikwa ukutani na bei ya siku imeandikwa ubaoni. Mwenye duka, sonara mzee wa kike ambaye mafundi wake walimwita Bi Miwani, aligeuzageuza donge chini ya lenzi.

"Hili usilisugue wala usiliyeyushe, mwanangu," alisema. "Wapo wanaokusanya madonge kama yalivyotoka ardhini. Kwa umbo hili nitakuongezea juu ya bei ya uzito. Haya, tupime."

"Ni gramu arobaini na nane," Mama Karai aliwahi kusema, kwa ukali. "Nimepima. Usijaribu kunipunja."

Bi Miwani aliweka donge kwenye mizani ya duka. Akaduwaa. "Ni sitini."

Mama Karai alikodoa macho. Alijiandaa kuibiwa, hakujiandaa kuongezewa. Huu ni mtego wa namna gani? Alifungua taulo, akaiweka mizani yake mezani. Arobaini na nane.

Bi Miwani hakubishana. Alitoa jiwe la shaba la kupimia, lenye muhuri wa wakaguzi wa vipimo, limeandikwa gramu hamsini. Mizani ya duka ilisema hamsini. Ya Mama Karai ilisema arobaini.

"Inakula sehemu moja kwa kila tano," sonara alisema taratibu. "Na haikuharibika. Imepangwa hivyo, na mtu anayejua kazi. Nani alikupa?"

Mama Karai alitoa simu, akampigia.

"Mdogo wangu, ile mizani uliyonipa... ina kasoro?"

Sauti ndogo ikauliza, "Nani amekuambia?"

Hakuuliza kasoro gani. Mama Karai aliketi sakafuni pale pale, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto, na Bi Miwani akazunguka meza kuja kumshika bega. Miaka minne mizani ilipunguza, naye akauza uzito kamili na kubaki na tofauti! Alikumbuka nyumba mpya ya mdogo wake, alivyolala humo juu ya sakafu ya vigae na kumwombea dua azidishiwe.

Donge aliliuza, akapewa stakabadhi, na malipo yakafanywa kupitia benki. Ijumaa mumewe alipasuliwa salama. Alipoelezwa habari ile, aligeukia ukuta, akasema neno moja tu: "Mtoto wetu?"

Usiku ule Mama Karai aligutuka na wazo lililomtia baridi. Mtoni walikuwapo wanawake wengine saba wenye mizani, na zote zilipitia mikononi mwa fundi mmoja, aliyewauzia pia dhahabu yao. Akinyamaza, atasitiri aibu ya ukoo. Akisema, atamvua nguo ndugu yake hadharani.

Jumamosi aliazima jiwe la shaba kwa Bi Miwani, akawaita wenzake. Walipima moja moja. Mizani tano kati ya saba zilikuwa za uongo. Mmoja wao, mjane, aliziba mdomo kwa viganja viwili, mwingine alicheka kicheko kisicho na furaha, akasema, "Nami nilimpelekea kuku wa shukrani!"

Jumapili kijana alifika, akamkuta dada yake ameketi na wanawake wote saba. Alipiga magoti. "Dada, nilianza kidogo tu... Nilidhani hutajua. Nisamehe, usinipeleke kwa wakaguzi."

"Nimekuogesha kwa mikono hii," Mama Karai alisema, macho makavu. "Mimi ningeweza kukusamehe leo. Hawa je? Inuka, twende."

Nyumba ya vigae iliuzwa kwa amri ya hakimu, kila mwanamke akarudishiwa alichopunjwa, na mikono ya fundi yule haikugusa tena mizani ya mtu. Mama Karai huiuza dhahabu yake mwenyewe sasa. Lakini wenzake wanasema kicheko chake cha zamani hakijarudi, na akisikia mtu akilaani papa wa mjini, humkatiza kwa sauti ya chini: kikulacho ki nguoni mwako.